Pakeji ya vitafunwa vya bethdei, laki tatu na nusu: kilicholiwa na kilichorudi kwenye trei

Mwanangu kafikisha miaka sita Jumamosi ya pili ya Januari, na naomba mtu asiniulize kwanini nilizaa Januari, mwezi wenye ada, yunifomu, kodi ya nyumba na mfuko uliotoboka tangu Krismasi. Miaka yote napika mwenyewe. Nakaa jikoni toka alfajiri, watoto wakifika nanuka vitunguu, picha zote za kukata keki mimi simo au nimo kwa mbali nimebeba sufuria. Mwaka huu nikasema hapana, nimechoka, na mi nataka kuvaa gauni. Nikaingia mtandaoni nikamkuta dada mmoja hapa hapa Dar anafanya pakeji za vitafunwa vya watoto, picha zake kali mno, mpaka soseji zimevalishwa kofia. Jina lake sitaji, maana sijaja kuharibu biashara ya mtu, ila naandika kilichotokea ili mwenye bethdei mbele yake ajue cha kuagiza na cha kuacha.

Pakeji yenyewe ilikuwa ya watoto 30 kwa laki tatu na nusu. Ndani yake kuna sambusa 60, kababu 60, sendwichi za pembetatu 60, soseji za kwenye vijiti 30, kapkeki 30, chipsi hotpoti moja kubwa, na juisi lita 20 kwenye lile jagi refu la kioo lenye koki. Keki ya kukata sio yake, hiyo nilichukua kwa mtu mwingine na haikuwa na shida. Unatanguliza asilimia 70, iliyobaki unamalizia mzigo ukifika. Mpaka hapo poa, anajibu meseji haraka na lugha yake nzuri, "sawa mamii, usijali mamii".

Tulikubaliana mzigo ufike saa saba mchana, watoto waanze kuja saa nane. Saa saba kimya. Saa nane kasoro napiga naambiwa "bodaboda ameshatoka mamii". Saa nane na nusu uwanja una watoto kama 20 hivi wanaruka kwenye lile jumba la kupuliza, wengine washaanza kuja kunivuta gauni, anti njaa. Mzigo umefika saa tisa kasorobo na sio kwa boda, kwa bajaji, na dereva ananiambia amezunguka na huo mzigo toka saa sita maana alikuwa na oda nyingine ya Mbezi anapitisha kwanza. Toka saa sita, kwenye joto hili la Januari. Kumbukeni hiyo saa sita, nitairudia kwenye sendwichi.

Bahati yangu ni kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo moyo ulinikataza kumwamini mtu mia kwa mia, na wifi yangu alikuja kulala kwangu, basi tukatengeneza vitu vidogo vidogo vya akiba. Vile vya akiba ndio vimeokoa jahazi, na ndio vimenifanya nikae chini niandike hii, maana nilipoanza kusafisha jioni nikahesabu kilichobaki kwenye kila trei na nikashangaa. Mtoto kwenye shughuli hakai mezani jamani. Anakula kasimama, mara nyingi anakula anakimbia, na mkono mmoja tu ndio wa kula, ule mwingine umeshika puto au umeshika shati la mwenzake. Chochote kinachotaka mikono miwili, au sahani, au akili ya kufikiria hiki nakianzia wapi, kinarudi.

Nianze na sendwichi kwa sababu ndizo zilizoniuma. Mkate mweupe, mayai yaliyopondwa na mayonezi, tango na jani la saladi. Kwenye picha zinapendeza balaa. Mtoto wa jirani kachukua moja, kafungua kama daftari, kaangalia, kaniambia "anti humu kuna majani", kafunga karudisha kwenye trei. Alivyorudisha yeye wakarudisha na wengine. Ila hata wangezipenda nilikuwa nishaanza kuzitoa mezani, maana mayai na mayonezi tangu saa sita juani hadi saa tisa ni masaa matatu, na chakula cha namna hiyo nje ya friji kisizidi masaa mawili, kwa joto letu hata hayo mawili ni mengi. Waliokula ni wachache na nashukuru Mungu hakuna aliyeharisha. Zilizobaki zilikuwa 47. Nimezitupa zote kwenye ndoo ya taka na roho inasaga. Kama lazima uweke mkate, weka siagi na jemu, au siagi ya karanga kama umeshauliza wazazi hakuna mwenye aleji ya karanga, kata vidogo vya kuingia mdomoni mara mbili, basi.

Sambusa za pakeji zilikuwa nzuri. Nyama ya kutosha, manda laini, haijanyonya mafuta. Tatizo nilimwambia pilipili usiweke na kweli pilipili hakuweka, ila pilipili manga ilikuwa ya kutosha sufuria la pilau, mtoto wa miaka mitatu kang'ata kalia mpaka mama yake akaja mbio. Hapo kosa nagawana nae nusu, mi ningesema kabisa usiweke kitu chochote cha kuwasha. Zaidi ya hapo zilikuwa kubwa, sambusa za futari za watu wazima, mtoto anang'ata pembe moja anakuachia pembe mbili. Nimeokota pembe za sambusa mpaka kwenye maua.

Sambusa zetu za akiba tulikunja ndogo, manda moja tumeikata mara mbili. Na hii naona kwa shughuli ya watoto ndio chakula rahisi kuliko vyote ukishajua kuipanga siku, kwahiyo niseme vizuri. Manda nunua zile za tayari, usijitese kusukuma. Nyama ya kusaga pika na tangawizi, kitunguu swaumu na chumvi mpaka maji yote yakauke kabisa, toa jikoni, iache ipoe, ikishapoa ndio uchanganye na vitunguu maji vilivyokatwa vidogo na gilgilani na ndimu. Ukifunga nyama ya moto manda inalowa na sambusa inapasukia kwenye mafuta. Gundi ni ngano na maji, nzito kama uji wa mgonjwa. Ukishakunja panga kwenye trei zisigusane, ingiza friza usiku mzima, zikishakuwa mawe unaweza kuzimimina kwenye mfuko mmoja na hazitashikana. Siku yenyewe unakaanga kutoka friza hivyo hivyo, usisubiri ziyeyuke, moto wa wastani maana mafuta yakiwa makali sana nje inaungua ndani bado barafu. Tulikuwa nazo 80, dakika 25 wifi kamaliza kukaanga, dakika 15 hazipo. Na wababa walikuwa wanaiba, tuseme ukweli.

Kababu za yule dada nampa kumi kwa kumi. Duara, ndogo, zimeshikana vizuri, haziachi makombo, mtoto anashika kama gololi anatupia. 60 zote zimeisha na bibi yake na mtoto aliulizia kama zipo zingine. Siku nikimpigia tena ni kwa ajili ya kababu tu.

Soseji za vijiti. Hapa naomba wenye watoto wadogo wanisikilize. Vijiti vyenyewe vilikuwa vile vyenye ncha kali kama sindano, na watoto wanaruka. Nilikaa na mkasi nakata ncha moja moja huku watu wanaimba "mwanasesere" kwa spika. Halafu soseji yenyewe imekatwa duara duara, na kile kipande cha duara ndio ukubwa wa koo la mtoto mdogo, kikiteleza kinaziba kabisa. Kwa watoto chini ya miaka minne au mitano soseji inapasuliwa kwa urefu kwanza, mara mbili au mara nne, ndio ikatwe vipande. Zabibu zile za duara nazo hivyo hivyo. Zimeliwa zote, ladha haina shida, ila mi mwenyewe sikula raha, nilikuwa nahesabu vijiti.

Chipsi. Chipsi kwenye hotpoti ni viazi vya kuchemsha vyenye mafuta, kila mtu anajua, sijui kwanini tunaendelea kuziagiza. Mvuke unabaki ndani unazilainisha, ukifungua zimelala kama zimefiwa. Zimeliwa nusu kwa sababu ya tomato sosi tu. Kama una mtu wa kukaanga pale pale uwanjani, sawa, chipsi za moto kwenye kikaratasi watoto wanagombania. Kama huna, acha.

Kapkeki wamelamba krimu juu, keki wameacha. 30 zote zimelambwa, nadhani nne ndio zimeliwa mpaka chini. Na krimu kwa joto lile ilikuwa inashuka yenyewe kama mshumaa.

Sasa juisi, hapa ndio penye vichekesho. Lile jagi la koki limewekwa kwenye meza fupi ili watoto wajihudumie, wazo zuri kabisa, ila mtoto ukimpa koki hanywi, anafungua anafunga anafungua. Ndani ya nusu saa lita kama tano zimeenda kwenye zulia la kukodi (nimelipia kusafisha, ndio). Yenyewe ilikuwa juisi ya unga wa kukoroga, rangi ya chungwa ile ya kutia shaka, tamu mpaka meno yanalia. Kwa bei ile nilitegemea tunda. Januari Dar maembe yamejaa, nanasi za Kiwangwa zinashushwa kila siku, tikiti lipo, unanipaje unga? Nikamuuliza kwa meseji akasema "juisi ya matunda ni pakeji nyingine mamii". Haya.

Soda nilikuwa nimenunua kreti mbili, chupa 48, kwa ajili ya wakubwa, lakini watoto wakaziona. Sio mtu wa kukataza soda siku ya bethdei, ila chupa moja ina sukari gramu 30 na ushee, kama vijiko saba vya chai, ukichanganya na keki na krimu inakuwa sukari nyingi mno kwa mtoto mmoja. Na mtoto hamalizi chupa, anakunywa robo anasahau kaiweka wapi anakuja kuomba nyingine. Mwakani soda namimina kwenye vikombe vidogo vya karatasi, nusu kikombe, na jina la mtoto nimeandika kwa kalamu ya wino mzito.

Kilichokunywewa kuliko vyote ni maji. Ndio, maji. Kila mtoto anayetoka kwenye kuruka anakuja anahema anaomba maji, na mi nilikuwa nimeweka katoni moja tu kama pambo. Ilibidi kijana atumwe dukani mara mbili. Kwahiyo kama unapanga bajeti anza na maji ya baridi mengi, deli moja zima la barafu na maji, halafu ndio uangalie hivyo vingine. Na kumbuka kuna mengine yatatumika kumwagia mwenye bethdei, huo ndio utamaduni wetu, hata umvalishe gauni la laki atamwagiwa tu.

Mshindi wa siku ni barafu za ukwaju. Tulitengeneza 40 bila matarajio yoyote. Ukwaju nusu kilo, lowesha kwenye maji ya moto lita mbili, ukipoa fikicha kwa mkono mpaka kokwa ziachane, chuja kwa chujio la chai mara mbili maana nyuzi zinaudhi, ongeza maji yafike lita nne, sukari nusu kilo na kidogo, iliki ya kusaga nusu kijiko. Onja, iwe tamu kidogo kuliko unavyotaka maana ikiganda utamu unapungua. Mimina kwenye vile vifuko vidogo virefu vya barafu, funga fundo, lala navyo friza usiku mzima. (Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019 na ni sawa, ila hivi vya kufungia barafu mtaani vipo, na kama huvipendi tumia vikombe vidogo vya karatasi na kijiti katikati, inakuwa lambalamba kabisa.) Gharama yote haikufika elfu kumi. Watoto wa kishua na watoto wa uswahilini wote wamekaa chini ya mwembe wananyonya barafu, kimya, dakika kumi za kwanza za utulivu tangu saa nane. Mkono mmoja, hakuna sahani, hakuna kijiko, ikidondoka inaokotwa na mfuko wake. Wazazi nao wakawa wanakuja mmoja mmoja kwa aibu, "eti shoga zimebaki zile za ukwaju?" Unaweza kufanya na ubuyu vile vile, ule unga mweupe wa ubuyu sio ule ubuyu mwekundu wa Zanzibar wa kumung'unya. Ule mwekundu wenye kokwa usiwape watoto wadogo kwenye vurugu, kokwa zinawapalia.

Wa pili bisi. Mahindi ya bisi nusu kilo yanakujazia karibu ndoo nzima ya lita 20, huwezi kupata kitu cha bei rahisi zaidi ya hicho duniani. Kuna watu wanakodi mashine, na mashine inapendeza kwa sababu watoto wanasimama kuangalia zinavyoruka, ila sufuria lenye mfuniko linafanya kazi hiyo hiyo. Tuliweka kwenye vikaratasi tulivyokunja kama vya karanga, chumvi kidogo, basi. Tahadhari tu, bisi sio za watoto wa chini ya miaka minne, wanapaliwa haraka, hao wape ndizi au viazi vitamu vya kuchemsha vilivyokatwa vidogo, kwa kweli hao wadogo wanakula chochote ukiwakalisha kwenye mkeka na bibi.

Matunda tulikata tikiti, embe na nanasi tukaweka kwenye vikombe, sio kwenye vijiti, na vikombe vikakaa juu ya barafu ndani ya beseni. Tikiti limeisha, embe limeisha, nanasi lilibaki kidogo maana linachoma ulimi. Katlesi tulifanya 20 tu na nilijuta kutofanya 50, viazi vilivyopondwa na nyama vimechovywa kwenye yai, laini, hata asiye na meno ya mbele anakula, na watoto wa miaka sita nusu yao hawana meno ya mbele. Hilo sijui kwanini wauza pakeji hawalifikirii.

Kuhusu idadi. Nilialika 28, wamekuja 41. Ukiweka jumba la kupuliza uwanjani Tabata usitegemee mtoto wa mtaa kukaa nyuma ya geti anaangalia, na mimi siwezi kumfukuza mtoto wa mtu. Pakeji ya watu 30 imekadiriwa kila mtoto sambusa mbili kababu mbili, ukija na ziada ya watoto kumi umekwama. Barafu na bisi ndio zimejaza hilo pengo kwa sababu ukifanya za 40 au za 60 tofauti ni shilingi elfu chache tu. Wakubwa walikuwa na pilau lao pembeni, hilo halina mjadala, shughuli bila pilau mama mkwe angeondoka na yake moyoni.

Kwa hiyo huyo dada nampa tano kwa kumi. Kababu kumi, sambusa saba, lugha nzuri nane, muda sifuri, juisi sifuri, sendwichi naomba nisitoe maksi. Kama angenipigia akaniuliza una watoto wa miaka mingapi, kuna kivuli, kuna friji, tungeondoa nusu ya vile vitu na bei ileile akaniongezea kababu, na mi ningekuwa hapa namsifia. Ukiagiza kwa mtu yeyote muulize mwenyewe: kinaondoka jikoni kwako saa ngapi, kinapitia wapi, na juisi ni ya tunda gani. Akisema "mix" ujue ni unga.

Gauni nililivaa, picha tatu nimo. Kwenye moja nimeshika mkasi wa vijiti.

Trei zake nne na lile jagi bado viko juu ya friji yangu, alisema atatuma kijana Jumatatu, leo Ijumaa. "Kesho mamii."